Bawazir ni jina la wapi?

Kaka, uliuliza kama Bawazir ni jina la Oman. Hapana, ni la Hadhramaut, Yemen. Hadi leo kuna mji unaitwa Ghayl Bawazir, karibu na Mukalla. Hapa Moshi tunasema "Mwarabu" tu, ila wazee walitofautisha: Mmanga ni wa Oman, Mshihiri ni wa Hadhramaut, kutokana na bandari ya Shihr. Hiyo "Ba" mwanzoni ni alama ya ukoo, kama Bajaber. Bakari usimtie humo, huyo ni Abu Bakr, jina la mtu. Akina Bawazir wametapakaa Saudia, pwani yetu na Indonesia, ambako jina huandikwa Bawazier. Ukitafuta ndugu mtandaoni jaribu pia Bawazeer, maana herufi moja ikibadilika humpati.