Huo Mkia Umevaliwa au Umechorwa? Maswali Yenu Kuhusu Nguva wa Filamu

Safu iliyopita nilizungumzia mavazi ya waigizaji wanaofanya kazi majini, nguva nikamtaja kwa sentensi moja tu. Basi, maswali yote yaliyokuja yakawa ya nguva. Nimechagua manane. Jingine, nje ya hayo, lilikuwa la posa, hilo nimemrudishia mwenyewe.

Fundi, shikamoo. Binti yangu ameangalia ile filamu ya nguva ya 2023 na sasa anabishana na kaka yake: mkia ule ni vazi au ni kompyuta? Nani nimpe soda? (Mama wa wawili, Mombasa)

Marahaba, mama. Soda ni ya aliyesema kompyuta. Katika The Little Mermaid ya 2023, sehemu kubwa ya ile “bahari” ilikuwa studio kavu. Halle Bailey alining'inizwa kwa waya na mitambo, akabembezwa hewani kama anayeelea, kisha mafundi wa kompyuta wakamwekea mkia, nywele zinazopepea na maji yenyewe. Nguva wa Pirates of the Caribbean ya 2011 nao mikia yao ilitoka kwenye kompyuta.

Lakini aliyekosa soda asinune, maana angeulizwa kuhusu filamu nyingine angeshinda. Katika Splash ya 1984, Daryl Hannah alivaa mkia uliobuniwa na Robert Short akaogelea nao kwelikweli. Inasimuliwa kwamba alienda kasi mpaka wazamiaji wa kumlinda wakaachwa nyuma. Na tamthilia ya Australia, H2O: Just Add Water, iliyoanza kuonyeshwa 2006, iliwavika wasichana wake watatu mikia ya kuvaliwa.

Upande wangu mnaujua: mimi ni fundi wa mavazi, nitatetea vazi. Kompyuta inaweza kuchora gamba zuri kuliko la samaki mwenyewe, ila mwigizaji aliyening'inia kwenye waya hasukumani na kitu. Aliye majini unaona tumbo lake linavyofanya kazi, shingo inavyokaza, mapovu yanavyomtoka. Hivyo haviigizwi kirahisi.

Habari ya kazi, Fundi. Nasoma sanaa, naomba kujua mkia wa namna hiyo unatengenezwaje hatua kwa hatua. (Mwanafunzi, Dodoma)

Kazi njema, mwanangu. Jibu lako ni refu, vuta kiti.

Kazi inaanzia kwenye mwili wa mwigizaji. Miguu inabanwa pamoja, halafu anafungwa bendeji za plasta toka kiunoni hadi chini, zilezile za hospitali za kufungia mfupa uliovunjika. Zikikauka zinakatwa ubavuni, mwenyewe anatoka, na ndani ya ganda lile inamiminwa plasta mpaka ipatikane sanamu ya miguu yake. Hapo mchongaji anaingia. Anaipaka sanamu udongo wa kufinyangia, anajenga nyonga, anapunguza magoti yasionekane, kisha anachonga magamba. Mikia ya H2O ilichukua miezi sita kutengenezwa.

Juu ya udongo ule linatengenezwa kalibu la plasta gumu au la fiberglasi, nusu ya mbele na nusu ya nyuma. Ukilifungua na kutoa udongo, unabaki na shimo lenye sura ya mkia. Silikoni, yaani mpira laini wa viwandani, inapakwa humo kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na katikati unalaza kitambaa cha wavu kinachovutika ili mkia usichanike mtu anapouvuta kuuvaa. Kisha nusu mbili zinaunganishwa kwa silikoni hiyohiyo, kwa kuwa silikoni haishikani na kitu kingine zaidi ya silikoni. Hata rangi ni hivyo. Ukiipiga rangi ya kawaida, kesho yake inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Lazima rangi ichanganywe kwenye silikoni nyepesi ndipo ipakwe.

Kuna mtego mmoja nakuomba uuandike kwenye daftari. Udongo wa kufinyangia wa aina nyingi una salfa. Silikoni nzuri, ile inayogandishwa kwa platinamu, ikigusa salfa haigandi, inabaki inanata kama ulimbo. Hata glavu za mpira wa kawaida zinatosha kuiharibu. Fundi anaweza kupoteza mwezi mzima kwa sababu ya udongo wa bei rahisi, na akifungua kalibu ndipo anajua.

Mwisho kabisa, ndani ya ncha ya mkia, ndipo penye injini: pezi moja pana lenye nafasi ya miguu yote miwili, ndugu wa yale wanayotumia waogeleaji wa mashindano ya mapezi. Linakuwa gumu karibu na vidole na linalegea kadiri unavyokwenda ukingoni. Kwa hiyo mguu ukishuka, ncha inachelewa kidogo kufuata. Huko kuchelewa ndiko kunakomfanya mtazamaji aamini. Nimeona mikia yenye magamba ya ajabu lakini pezi lake gumu kama ubao, na mtu akiogelea nao anafanana na mlango unaofunguka na kufungwa.

Mimi mwenyewe wa kwanza niliushona kwa satini na sponji ya godoro, kwa ajili ya igizo la shule. Jukwaani ulipendeza. Baada ya onyesho mtoto akaingia nao kwenye kidimbwi cha kina cha magoti, sponji ikanywa maji, tukamvuta watu watatu.

Fundi, vazi zito hivyo halimzamishi mtu? (Msomaji, Morogoro)

Mkia mmoja wa H2O ulikuwa na kilo 12 hadi 15, na ukilowa uzito uliongezeka. Nchi kavu hiyo ni ndoo ya maji iliyofungwa kiunoni. Majini hesabu inabadilika. Silikoni ni nzito kuliko maji kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo mkia wa kilo 15 ukizama hausikiki hata kilo mbili. Hatari anayoisahau mgeni ni kinyume chake, yaani hewa. Ikinaswa ndani, miguu inapanda juu na kichwa kinabaki chini, nguva anageuka boya. Ndiyo maana kabla ya kupiga mbizi mkia unajazwa maji na kukamuliwa mpaka hewa yote itoke.

Mzee mwenzangu, mimi nimevua miaka mingi. Samaki hutikisa mkia kulia na kushoto. Hao wa kwenye filamu mbona wanapiga juu na chini? Waliosoma hawajui samaki? (Mvuvi, Kilwa)

Swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, mzee wangu. Jibu lake mnalo huko huko Kilwa.

Uti wa mgongo wa samaki unapinda ubavuni, ndiyo maana mkia wake umesimama wima. Sisi binadamu tunainama mbele na nyuma. Tukibana miguu, pigo letu ni la juu na chini tu, na pezi lisipolazwa bapa halisukumi maji. Huo si mkia wa samaki, ni mkia wa mnyama anayenyonyesha: pomboo, nyangumi, na nguva. Nguva yule wa kweli, mla nyasi za baharini, ana mkia bapa uliogawanyika ncha mbili, karibu sawa kabisa na ule unaouona kwenye filamu. Wazungu wana jina moja la mnyama na jingine la yule mwanamke wa hadithi. Waswahili tumewapa wote wawili jina moja, na kwa upande wa mkia tumepatia.

Waigizaji wanajifunza mwendo huohuo. Pigo halianzii magotini. Linaanzia kifuani, linashuka tumboni, linapita nyonga, ndipo linafika kwenye pezi. Ukiona nguva wa filamu anakunja magoti, jua hajapikwa akaiva.

Huyo wa kweli, mzee, hali yake unaijua kuliko mimi. Mwaka 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki waliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, ikikadiriwa kwamba waliokomaa hawafiki 250. Jarife linamnasa bila kumkusudia, naye ni mnyama wa kupumua hewa, akishikwa chini anakufa maji.

Ndugu fundi, kwetu Mamba Muntu anachorwa na magamba yanahesabika moja moja. Kwa nini ya kwenye filamu hayaonekani wazi vile? (Msomaji, Lubumbashi)

Zile picha nazipenda, ndugu yangu: mwanamke mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, nyoka karibu naye, anawatazama wageni sebuleni. Lakini mchoraji wa Katanga anachora kwa ajili ya ukuta wenye mwanga. Majini mwanga unaliwa, na rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kwenda. Ukishuka mita tano hivi, mkia uliopakwa wekundu wa kupendeza unakuwa wa kijivu kama jivu la jana, isipokuwa timu ishushe taa. Ndiyo maana mafundi hupaka rangi kwa kuzidisha, halafu wanaujaribu mkia majini kabla ya kuukubali. Magamba nayo hayalingani: madogo kiunoni, makubwa kwenye mapaja, na pale juu yanakonda na kuachana mpaka ngozi ichukue nafasi. Ule mpaka wa kiunoni ndio unaomfichua fundi mvivu. Akishindwa anauficha kwa mkanda wa shanga.

Wanapumuaje huko chini? Na nani alianza mambo haya? (Msomaji, Nairobi)

Wanabana pumzi. Mzamiaji wa usalama anakaa nje ya picha na chupa ya hewa, mwigizaji akimaliza anapewa mdomo wa kupumulia, anavuta, wanarudia. Huko Weeki Wachee, Florida, kuna chemchemi ambako maonyesho ya nguva yalianzishwa 1947 na Newton Perry, aliyekuwa mkufunzi wa kuogelea wa jeshi la maji la Marekani. Alibuni mipira ya kupitishia hewa, kama ile ya kumwagilia bustani, iliyofichwa pembeni. Nguva anavuta pumzi mbili, anaachia mpira, anaendelea kutabasamu. Maji yale yana nyuzi 23 mwaka mzima, na kutabasamu onyesho zima kwenye maji hayo si mchezo.

Kwenye filamu mmoja wa wanaotajwa mapema ni Annette Kellerman, mwogeleaji wa Australia aliyezaliwa 1886. Utotoni miguu yake ilikuwa dhaifu akapelekwa kuogelea ili ipate nguvu. Mwaka 1911 alikwishacheza nguva kwenye sinema, na mavazi yake ya nguva aliyabuni mwenyewe.

Mjukuu wangu analilia mkia wa kuogelea nao kwenye bwawa la hoteli. Nimnunulie? (Bibi, Arusha)

Shikamoo bibi. Kama hajaweza kuogelea vizuri bila mkia, hapana, hata akilia wiki nzima. Kumfungia mtoto miguu pamoja majini ni jambo la kuogopwa. Kama anaogelea vizuri, mnunulie wa kitambaa na siyo wa silikoni, na mjaribishe kwanza ukingoni: auvue mwenyewe ndani ya maji, haraka, bila msaada. Asipoweza, urudishwe dukani. Mtu mzima awe ndani ya maji, pale anapoweza kumfikia kwa mkono, na aliye kwenye simu hahesabiki. Asishindane kubana pumzi wala kuhema harakaharaka kabla ya kuzama, maana mtu anaweza kuzimia chini kimyakimya. Baharini kwenye mawimbi, asiuvae kabisa. Ulizeni pia hotelini, baadhi ya mabwawa hayaruhusu. Akikua na hamu ikabaki, PADI, wale wanaofundisha uzamiaji, tangu 2020 wana kozi ya nguva.

Nauliza kwa heshima: haja ndogo inakuwaje? Na mikia ikishatumika inapelekwa wapi? (Hakutaka mji wake utajwe)

Kwa heshima hiyohiyo: unakwenda kabla ya kuvaa. Kuuvaa ni kazi ya watu wawili, na miguu inapakwa kilainishi cha maji ili iteleze. Kutembea hakuna. Waigizaji wa H2O walikuwa wakibebwa kuingizwa na kutolewa majini, kwa hiyo anayekunywa chai nyingi asubuhi anajipangia siku mbaya.

Baada ya kazi mkia unasuuzwa maji baridi, unakaushwa, unapakwa poda, unalazwa bila kukunjwa. Wa silikoni unaweza kudumu miaka. Ile ya zamani ya mpira wa povu haina bahati hiyo. Hewa inaula mpira taratibu, unakuwa mgumu, unapasuka, na siku mtu anapofungua sanduku stoo anakuta kitu kama mkate mkavu, na magamba yamebaki chini ya sanduku.