Usiivue hiyo geji (jibu kwa mleta uzi mwenye kompyuta mpya ya transmita)

Weka spana chini kwanza. Iache hiyo geji hapo ilipo.

Mleta uzi kanunua kompyuta ya kuzamia ya kuvaa mkononi pamoja na transmita yake (inafungwa kwenye regulata na kuitumia kompyuta presha ya chupa bila waya), wiki ijayo anakwenda Pemba, na aliyemuuzia kamshauri avue geji ya kawaida (ile ya mshale inayosoma presha ya chupa) na hosi yake, tundu alizibe kwa plagi, eti "presha utaiona mkononi, hosi ya nini tena". Kisha kauliza namna ya kuiunganisha, kiwango cha tahadhari cha kuweka, nitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) inasetiwaje, na kama abadilishe mkanda. Hayo yanaweza kungoja mpaka Jumapili. La geji haliwezi.

Nani kawaambia wauzaji wetu kwamba geji ni kifaa cha wazee? Kila duka ni maneno yaleyale: hosi chache, hitilafu chache. Anayekuambia hivyo amesimama nyuma ya kaunta yenye kiyoyozi, na kina kirefu alichofika mwezi huu ni ndoo ya kuoshea vifaa. Ungemwomba akuonyeshe upande wa hosi ya geji unaoingia kwenye fasti steji (kile kipande cha regulata kinachokaa kwenye valvu ya chupa), angekuta kitobo kama cha pini. Kimewekwa makusudi. Hosi hiyo ikipasuka utapata mapovu na kelele za kumfukuza kila kasa aliye karibu, lakini hewa inatoka kidogo kidogo na unapata muda wa kupanda kwa utaratibu. Hosi zinazomwaga chupa upesi ni zile za presha ndogo, ya regulata unayopumulia na ya BCD (jaketi linalojazwa hewa), na hizo hakuna duka linalokushauri uzipunguze.

Sasa tuje kwenye hicho unachotaka kukitegemea peke yake. Transmita nyingi hutuma namba kwa redio ya masafa ya chini, na maji ya chumvi yanaimeza redio. Ndiyo maana inafika mita moja, moja na nusu ukibahatika. Nyoosha mkono mbele na kamera, namba inaweza kukatika. Flashi ya kamera ikiwa inajichaji, inakatika. Mwenzako akipita karibu na skuta ya chini ya maji, inakatika. Garmin wao walichagua njia ya sauti badala ya redio, kwa hiyo yao inafika mbali zaidi, ila nayo ina betri, ina mlango wa betri wenye oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji na hewa), na maji yanajua njia ya kupita hapo.

Namba ikikatika, skrini inabaki na vistari tu. Mara nyingi vinakaa sekunde chache, namba inarudi, maisha yanaendelea. Hapo ndipo watu wanapozoea. Siku vistari vikigoma kuondoka utakuwa umeshajifunza kuvipuuza. (Msiniulize najuaje.)

Piga hesabu. Mtu wa kawaida akiwa juu ya maji anatumia kama lita 20 kwa dakika. Mita 30 presha ni mara nne, kwa hiyo lita 80. Chupa ya alumini ya lita 11.1, ile wanayoiita AL80, inashuka bar 7 na kidogo kila dakika (bar ni kipimo cha presha). Ukipambana na mkondo, zidisha mara mbili. Vistari vikikaa dakika tano huku ukijiambia "itarudi tu", umeshakula bar 36 ukiwa mtulivu, au bar 72 kama unapiga mapezi kwa nguvu. Mara ya mwisho uliona 110? Basi uko 74, au uko 38, na hujui ni ipi kati ya hizo.

Kupanda kutoka mita 30 kwa mwendo wa mita 10 kwa dakika, na kusimama dakika tatu kwenye mita 5, kunataka kama lita 240. Ni bar 22 kwa chupa hiyo, ukihema vizuri na ukiwa peke yako. Mwenzako akiishiwa, mko wawili na wote mmeshtuka, zidisha mara nne. Kwa 38 hamfiki hata mkiruka kusimama.

Na Pemba si bwawa la hoteli. Kule Misali na Njao unateleza na mkondo kando ya ukuta wa matumbawe, chini yako ni bluu tupu, boti inakufuata kwa mapovu. Ukiwa na geji, vistari vikitokea unaitazama, unaona 130, unaendelea kuangalia samaki. Bila geji jibu sahihi ni moja tu: unampa mwenzako ishara, mnapanda. Boti, ada ya hifadhi, hoteli, vyote umelipia, na mzamio umekwisha dakika ya kumi na mbili kwa sababu ya betri ndogo. Mwenzako naye atakukumbuka. Geji mpya ni rahisi kuliko transmita yenyewe, na wewe ya kwako unayo tayari! Kuivua hakukuokolei hata shilingi.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalijui kabisa. Kijana wa boti, kwa nia njema tu, anakusaidia kufungua chupa. Anazungusha upande usiofaa, anaifunga, kisha anairudisha nusu mzunguko. Kompyuta inaonyesha 200 safi. Ukivuta hewa ukiwa juu inakuja vizuri. Mita 20, ambako kila pumzi inachukua hewa mara tatu, valvu iliyofunguka nusu haipitishi ya kutosha na unavuta kama unanyonya ukuta, hewa haiji. Geji inakuambia haya kabla hujaruka: vuta pumzi nne tano ndefu huku macho yako yakiwa kwenye mshale. Valvu ikiwa nusu, mshale unashuka kila ukivuta na kurudi kila ukiacha. Transmita inatuma namba kila baada ya sekunde kadhaa, kwa hiyo mshuko wa nusu sekunde unaweza kuipita na skrini ikabaki 200 bila wasiwasi wowote. Fungua valvu hadi mwisho, uache hapohapo, na utazame mshale mwenyewe hata kama aliyefungua ni mwalimu wako.

Kufunga sasa. Toa hewa yote kwenye regulata kwanza. Tafuta matundu yenye alama ya HP (presha kubwa). Fasti steji nyingi zinayo mawili, moja kila upande, na hilo ndilo jibu la swali lako lote: geji moja, transmita moja. Nyuzi za HP ni 7/16, za presha ndogo ni 3/8, kwa hiyo ukiona haiingii uko kwenye tundu lisilo lake, usilazimishe. Toa plagi kwa ufunguo wa Allen, kagua oringi ya transmita (kawaida namba 012), paka mafuta ya silikoni kidogo sana, kisha kaza kwa vidole mpaka igote. Basi. Kinachozuia hewa ni oringi, nguvu zako hazihitajiki. Ikiwa na sehemu bapa kwenye shina la chuma, spana iguse hapo tu na kwa upole. Kamwe usiishike ile sehemu ya plastiki ukaizungusha.

Ushauri wangu: geji ibaki kushoto ilikozoeleka, transmita ikae kulia, na kompyuta uivae mkono wa kulia ili iwe upande mmoja na transmita.

Tatizo lake ni kwamba transmita iliyofungwa moja kwa moja inaonekana kama kishikio. Vijana wa boti watainyanyua chupa na BCD na kila kitu kwa hiyo transmita, na itakatika shingoni. Wala usiwalaumu, hata mimi ningeishika. Nunua hosi fupi ya presha kubwa, ya sentimita 15 hivi, uifunge kati yake na fasti steji ili ining'inie pembeni, na uizungushie utepe mwekundu. Waambie kwa mdomo pia, kabla chupa haijaguswa.

Kuunganisha kunategemea modeli. Shearwater unaandika namba ya tarakimu sita iliyoko kwenye transmita. Suunto unafungua chupa ili transmita iamke, kisha unaisogeza kompyuta karibu. Fanya hivyo nyumbani au kituoni, mbali na transmita za wengine, usingoje mpaka mko kumi kwenye boti. Hakikisha hivi: ukishaona presha mkononi, funga valvu, bonyeza kitufe cha regulata utoe hewa taratibu, na tazama vyote viwili. Mshale wa geji na namba ya mkononi vishuke pamoja hadi sifuri, namba ikichelewa sekunde chache tu. Mshale ukifika sifuri na mkono wako bado unasema 195, hongera, unasoma chupa ya jirani. Umeona tena kazi ya geji?

Viwili hivyo kutofautiana kwa bar 5 hadi 10 ni kawaida. Zaidi ya 15, tafuta anayedanganya kwa kujaribu geji ya kituo kwenye chupa hiyohiyo. Na usishtuke namba ikishuka mara tu ukiingia majini: chupa iliyojazwa sasa hivi ikiwa na joto la nyuzi 45 na bar 200, ikipoa hadi 27 inasoma kama 189 kabla hujavuta chochote cha maana. Ndiyo maana zile dakika za hewa iliyobaki huwa hazieleweki mwanzoni.

Dakika hizo zenyewe usizipangie safari. Suunto inahesabu mpaka bar 35. Shearwater inahesabu mpaka akiba uliyoiweka, ikidhani utapanda moja kwa moja, na kusimama kwenye mita 5 haikuingizi kwenye hesabu. Wewe hesabu kwa bar. Kwa kuta za Pemba weka kengele ya kwanza kwenye 120 na ya pili kwenye 70. Ile 50 ya kiwandani ni ya maji mafupi.

Betri: badilisha ukiwa mezani pakavu, si kwenye boti, na ukitoka majini toa hewa yote kwenye hosi, la sivyo transmita inaendelea kutuma usiku kucha na kula betri bure. Beba ya akiba ya aina yako; Swift ya Shearwater inatumia CR123A, T1 ya Garmin inatumia AAA, usidhani utaikuta yoyote dukani Chake Chake saa kumi na mbili asubuhi. Mkanda uliokuja nao unatosha.

Tuma picha ya fasti steji yako hapa, pande zote mbili, tuone alama za HP ziko wapi. Ukikuta tundu la HP ni moja tu, geji ndiyo ikae hapo na transmita ibaki kwenye boksi mpaka upate regulata nyingine.