Karoti zenye miguu, kijicho cha jirani na mti wa kumkumbuka mama

Maswali ya wasomaji kuhusu bustani, na majibu ya jopo letu

Nimevuna karoti, nyumba nzima imecheka hadi machozi. Moja ina miguu miwili na imekunja nne, nyingine mbili zimekumbatiana hazitaki kuachana. Ladha haina kasoro, ila msimu ujao ningependa angalau chache zinyooke. Nakosea wapi? – Mama Karoti

Hongera kwa mavuno, Mama Karoti, na hao wapenzi usiwatenganishe kabla hujawapiga picha. Karoti hupata miguu pale ncha ya mzizi mkuu inapojeruhiwa au kukwama ingali changa. Ncha ikifa, mizizi ya pembeni hushika kazi na kila mmoja hunenepa kivyake. Kinachoikwamisha mara nyingi ni jiwe, bonge la udongo, au tabaka gumu ambalo jembe halikulifikia. Samadi mbichi nayo huiharibu ncha, tena huifanya karoti iote nywele. Na ukiotesha kitaluni kisha ukahamisha miche, ncha umeikata mwenyewe. Karoti hupandwa palepale itakapokulia.

Lima hadi sentimita 30, ondoa mawe, vunja mabonge, na msimu huo usitie samadi kabisa: tumia tuta lililotiwa samadi kwa zao lililotangulia. Mbegu ziende chini sentimita 1, na uso wa udongo usikauke hadi zichipue, jambo linaloweza kuchukua wiki mbili hata tatu. Wengi hukata tamaa wiki ya pili wakaacha kumwagilia, siku chache tu kabla ya kichipukizi kutokeza. Udongo ukiwa mfinyanzi mzito, chagua aina fupi au za mviringo. Lakini mizizi ikiwa na vinundu vinundu, kicheko kiishe: hao ni minyoo fundo, na tuta hilo usilirudishie karoti msimu ujao.

Roho inaniuma kung'oa miche mizima eti kwa kuwa imebanana. Kila ninapong'oa naomba msamaha. Je, si kukufuru kuua kilichojaliwa kuota? – Mwenye Huruma

Hukumu ya kukufuru tunawaachia mashehe na mapadri. La bustani ni hili: usipochagua wewe, miche yote itadumaa pamoja. Hewa haipiti, majani hayakauki, ukungu unaingia, na mwishowe hujaokoa hata mmoja. Karoti ziachie sentimita 5 kati ya mche na mche, bitiruti 10, saladi 25 hadi 30. Bitiruti itakudai kazi hiyo hata ukipanda kwa kuhesabu, kwa sababu kile tunachokiona kuwa mbegu moja ni kifundo ambacho kwa kawaida kina mbegu kadhaa ndani.

Ila usiing'oe, ikate. Mizizi ya miche iliyobanana imeshikana, ukivuta mmoja unaulegeza na ule uliokusudia kuuacha. Katika Mathayo 13:29 mwenye shamba anawakataza watumwa wake kung'oa magugu kwa hofu hiyohiyo, wasije wakaing'oa na ngano. Alilijua shamba. Chukua mkasi mdogo, kata usawa wa udongo wakati wa jioni, kisha nyunyiza maji kidogo ili udongo ukae sawa. Fanya kwa awamu mbili: ya kwanza mche unapokuwa na majani mawili ya kweli, yaani yanayofuata yale ya mwanzo yaliyotoka na mbegu, ukiacha nusu ya nafasi, ya pili baada ya wiki mbili au tatu. Ulichokata awamu ya pili, kama ni saladi au bitiruti, ni mboga. Kioshe, kiweke mezani, uombee chakula kama chakula kingine chochote.

Jirani alisimama uani akazisifu nyanya zangu: "Zimenona hizi!" Hazikupita siku tatu, zikaanza kuoza kitako, weusi mkavu chini ya tunda. Mama mkwe anasema ni kijicho. – Mkwe Mtiifu

Msalimie mama mkwe, umwambie kwa adabu kwamba kijicho kingeanza na matunda mekundu. Hili huanza na mabichi, hasa ya vichala vya kwanza. Kitako huoza kwa kukosa kalisiamu, na mara nyingi kalisiamu imo tele ardhini. Kilichokosekana ni maji ya kuibeba bila kukatika. Majani hupoteza maji mengi hewani, kwa hiyo ndiyo yanayovuta sehemu kubwa. Tunda hupata makombo, na ncha yake iliyo mbali na kikonyo hupata makombo ya makombo. Udongo ukikauka kabisa kisha ukafurikishwa, chembe za pale chini hufa. Mbolea nyingi ya naitrojeni huzidisha, maana huongeza majani ya kunyang'anya.

Tunda lililokwisha kuoza halitapona, litoe. Mwagilia hadi maji yashuke sentimita 15 au 20, kisha usirudie mpaka kidole ukikizamisha sentimita 5 kikute udongo umeanza kukauka. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5. Yale maganda ya mayai ambayo watu husaga na kuzungushia shina huoza polepole mno, hayawezi kuuokoa msimu huu. Yapeleke kwenye mboji. Jirani naye mpelekee nyanya za kichala cha tatu. Kijicho, kama kipo, kitashiba.

Mwaka umetimia tangu mama atutoke. Ndugu tumeafikiana tupande mti wa matunda wa kumkumbuka, lakini dada yangu anaogopa: mti ukifa, itakuwa tumempoteza mara ya pili. – Kitinda Mimba

Poleni sana. Hofu ya dada ina msingi, maana miti ya kumbukumbu huuawa na mapenzi: huzikwa chini mno, kila apitaye huimwagilia, hulundikiwa matandazo hadi shingoni. Kwa hiyo kwanza, msipande mmoja. Pandeni miwili au mitatu ya aina moja, hata ikibidi kugawana nyua, na mchague miche midogo yenye afya. Midogo hushika upesi kuliko mikubwa.

Shimo liwe na upana mara mbili hadi tatu ya bonge la mizizi, lakini kina kisizidi kimo cha bonge hilo. Shimo refu lililojazwa udongo laini hutitia, na mti huzama nalo. Vueni mfuko wote. Mizizi iliyojizungusha ndani ya mfuko ikateni wima sehemu tatu au nne, la sivyo itaendelea kuzunguka hadi ilinyonge shina miaka mingi baadaye. Tafuteni pale shina linapotanuka kuanza mizizi: mahali hapo pabaki usawa wa ardhi au juu yake kidogo, na mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, kiungo chake kibaki wazi kabisa. Rudisheni udongo uleule mliouchimba. Mboji itandazwe juu, isijazwe shimoni, kwa kuwa mizizi ikizoea shimo tamu haitaki kutoka. Mwageni lita 20 siku hiyo. Mwezi wa kwanza lita 10 hadi 20 mara mbili kwa wiki, kisha mara moja. Mvua ikinyesha vya kutosha, acheni. Matandazo yafike sentimita 8, yakae kiganja kizima mbali na shina. Kama mmeegemeza kwenye nguzo, kamba iwe legevu na iondolewe baada ya mwaka. Maua ya mwaka wa kwanza yatoeni, japo mkono utasita, ili nguvu iende mizizini.

Na kwa dada: iko hadithi ya Mtume iliyopokelewa na Anas bin Malik, kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Hakuna aliyeahidiwa hapo kwamba ataukalia kivuli.

Huwa naongea na mchicha wangu. Mume wangu anaona nimeanza kurukwa na akili. Inasaidia? – Msemaji

Inasaidia ukiinama. Anayeongea na mchicha kwa karibu kila asubuhi huwaona vidukari wakiwa kumi, kabla hawajawa elfu. Geuza jani, watazame upande wa chini na kwenye vichomozo. Jani linalonata na sisimizi wanaopanda shina kwa msururu ni dalili tosha. Warushie maji kwa nguvu. Wakibaki, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja, jaribu kwenye jani moja, subiri siku nzima, kisha nyunyiza jioni chini ya majani na usuuze mboga vizuri kabla ya kupika. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza. Mada ya mazungumzo chagua mwenyewe, ila mume asisengenywe.

Mimi husali rozari nikipalilia, mwenzangu Mwislamu huleta dhikri, tuta moja. Tunaelewana kwa yote isipokuwa ndago: yeye hukata, mimi huchimba. Nani yuko sahihi? – Wapalilizi Wawili

Kuhusu sala hatuna cha kusahihisha. Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa Edeni "ailime na kuitunza", yaani kazi ya bustani ilikuwapo kabla ya jasho la adhabu. Na katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, anachokula ndege, mtu au mnyama katika alichopanda Mwislamu huandikwa sadaka. Panya hawakutengwa, mtuwie radhi.

Kuhusu ndago, mchimbaji ana haki zaidi. Chini ya kila jani kuna kiazi kidogo, kilichounganishwa kwa uzi na kingine, na kingine. Ukivuta majani, uzi hukatika na viazi hubaki salama. Chimba udongo ukiwa na unyevu, kwa uma wa bustani badala ya jembe linalokatakata, fuata uzi kwa vidole. Viazi vianikwe juani juu ya sakafu ngumu hadi vikauke kabisa. Kwenye mboji vitachipua. Mkataji naye hakosi kabisa, mradi arudie kila baada ya wiki mbili bila kukosa, kabla mmea haujatengeneza viazi vipya, hadi akiba ya chini iishe. Kwa uradi huo, aliyezoea dhikri amejiandaa vizuri. Kisha mfunike tuta kwa zao lenye majani mengi kama viazi vitamu, kwani ndago haipendi kivuli. Magugu mengine yapalilieni juujuu, sentimita 2 au 3, asubuhi ya jua kali. Mkizamisha jembe mnazipandisha mbegu nyingine zilizolala.

Mjukuu wangu wa miaka mitano hufukua mbegu kila asubuhi kuona kama zimeota. Nimkataze? – Bibi

Shikamoo, Bibi. Usimkataze, mpe dirisha. Kunja karatasi ya kufutia mikono, iviringe ndani ya gilasi iguse kuta zote, chomeka maharage matatu kati ya karatasi na kioo, nusu ya kimo cha gilasi. Tia maji sentimita 1 tu chini. Karatasi itayapandisha yenyewe. Maharage yakizama majini huoza na kunuka, na hapo ndipo wengi hukosea. Ndani ya siku tatu au nne, kwenye joto la kutosha, ataona mzizi ukishuka, kisha shina likipanda. Gilasi ikilazwa ubavu siku moja, mzizi utapinda kutafuta chini, akuulize umejuaje njia. Nje mpandie figili: huchomoza kwa siku nne hadi saba na huvunwa kwa takriban mwezi mmoja. Mpe mstari wake mwenyewe wa mita moja, na mbegu za ziada, maana lazima atafukua baadhi.