Mnauliza, Tunajibu: Nyimbo za Mzaha, Msumeno Unaoimba na Muziki wa Vichekesho

SWALI: Nimechukua wimbo maarufu nikaugeuza maneno uwe wa kuchekesha. Mizani nimezihesabu mstari kwa mstari, zinalingana na za wimbo wenyewe, na vina vimekaa. Lakini nikiuimba unakwamakwama na hakuna anayecheka. Tatizo ni nini?

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, kilichokuangusha ni mkazo. Neno la Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni nayo ina mapigo yake mazito. Pigo zito likiangukia silabi isiyo na mkazo, msikilizaji hubaki akijiuliza umesema nini, na mzaha unampita.

Chukua tuni ya mizani 8 yenye mapigo mazito kwenye mizani ya 1, 3, 5 na 7. Ukiweka "Mama simu yake wapi", maneno yanateleza: MA, SI, YA, WA, kila mkazo juu ya pigo lake. Sasa weka "Kitabu changu kiwapi". Ni mizani 8 vilevile, ila mikazo imekaa kwenye ya 2, ya 4 na ya 7, hivyo utalazimika kuimba "KItaBU chaNGU kiWApi", na hapo hata Mswahili halisi ataomba urudie. Dawa yake ni ndogo: "Je, kitabu changu wapi". Ile "je" imelisukuma "kitabu" hatua moja mbele na kila kitu kikakaa mahali pake.

Kwa tuni ya namna hiyo, basi, neno la mizani 2 au 4 lianzie kwenye pigo zito, na la mizani 3 au 5 lianzie kwenye pigo jepesi. Vijineno vya mizani moja, kama je, na, si, la, ndivyo vya kusawazishia. Piga makofi huku ukisoma maneno bila kuimba. Palipo na kasoro mikono itapagundua kabla ya masikio.

Ogopa vitenzi virefu. "Watakapokuwa" inakula mizani 6 na ina mkazo mmoja tu, kwa hiyo mstari unajaa kabla hujachekesha. Neno la mzaha liweke mwisho, kwenye kina, maana huko ndiko sikio linakosubiri. Noti ndefu ya juu ipe a au o. I ikivutwa juu hubana koo. Na mstari wa kwanza usiubadilishe sana: asiyeutambua wimbo wa asili hana cha kuchekea.

SWALI: Je, ni lazima kumwomba ruhusa mwenye wimbo?

JIBU: Sheria hutofautiana nchi na nchi. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1994, katika kesi ya Campbell dhidi ya Acuff-Rose, kwamba parodi, yaani wimbo wa mzaha uliojengwa juu ya wimbo wa mtu mwingine, yaweza kuwa matumizi halali yasiyohitaji ruhusa hata kama inauzwa, ila kila kesi hupimwa peke yake. Parodi inayoucheka wimbo wenyewe hujitetea vizuri kuliko ile iliyoazima tuni ili kucheka jambo jingine kabisa. "Weird Al" Yankovic, mpiga akodioni aliyejijengea jina kwa nyimbo za aina hii, ana desturi ya kuomba ruhusa hata hivyo, na huo ni ustaarabu unaoepusha ugomvi. Kumbuka pia kwamba rekodi ya asili ina haki zake mbali na utunzi. Usiimbe juu yake. Pigeni ala upya.

SWALI: Nimenunua uta wa fidla ili nipige muziki kwa msumeno wa mbao. Napata mikwaruzo tu. Je, nahitaji msumeno maalumu?

JIBU: Si lazima, ila uwe wa mkono, wenye bapa jembamba la chuma linalopindika bila shida, urefu wa sentimita 66 au zaidi. Mfupi na mgumu hutoa noti chache. Futa mafuta yote kwenye bapa, kwani uta hauwezi kushika palipo na grisi. Halafu paka nywele za uta rozini, yaani ule utomvu mkavu wa msonobari. Uta mpya huwa mtelezi kabisa, kwa hiyo paka mara nyingi hadi uone vumbi jeupe. Meno yafunike kwa utepe mnene.

Kaa kitini, bana mpini katikati ya mapaja, meno yakikuelekea. Shika ncha kwa mkono wa kushoto, ukunje bapa kuelekea kushoto, kisha kwa kidole gumba ilazimishe ncha ijipinde upande wa pili. Unatafuta umbo la S, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Bapa lililopinda upande mmoja tu, kama C, huachia mtetemo ukimbilie mikononi na mapajani, ukafia huko. Kwenye S kuna sehemu iliyonyooka kati ya mipindo miwili, na mtetemo hunaswa hapo. Pitisha uta papo hapo, kwenye ukingo usio na meno, wima, taratibu, kisha uondoe uache chuma kiimbe. Ukiuacha uta umegusa, unaizima sauti mwenyewe.

Noti ikitaka kupanda, ongeza mpindo na usogeze uta kuelekea ncha. Ikishuka, rudi kwenye mpini. Kelele kali ya kupasua masikio maana yake unakandamiza mno au umekosa ile sehemu nyoofu, hata kwa sentimita chache. Ukitaka sauti iyumbe kidogo, tikisa goti.

SWALI: Kazoo yangu, ile ala ndogo ya mdomoni yenye utando, haitoi sauti hata nikipuliza kwa nguvu.

JIBU: Haipulizwi. Guna ndani yake, sema "tuu" kwa sauti yako. Utando ndio unaotetema. Ukiloa mate, uache ukauke.

SWALI: Mbona muziki wa filamu fulani za vichekesho unachekesha na wa nyingine unaudhi?

JIBU: Ule unaoudhi mara nyingi unakukonyeza: kila anayeteleza anasindikizwa na tarumbeta. Tazama Airplane! ya mwaka 1980. Elmer Bernstein aliitungia muziki wa tamthilia nzito, bila dalili ya kwamba anajua watu wanacheka, na upuuzi wa kwenye skrini ukazidi kuwa upuuzi. Katika This Is Spinal Tap ya 1984, filamu ya bendi ya roki ya kubuni, waigizaji walipiga ala wenyewe, na bendi inayojua kupiga ndiyo inayoweza kuchekesha ikiharibu.

Mfano mzuri wa ala isiyo ala ni taipureta katika utunzi wa Leroy Anderson wa mwaka 1950; Jerry Lewis aliuigiza kwenye filamu ya 1963 akiwa hana mashine yoyote mbele yake, vidole hewani tu. Kwenye jukwaa, mashine huzimwa vitufe karibu vyote ili nyundo zisigongane na kukwama. Kengele nayo huwa ya pembeni, kwa sababu ile ya mashine hulia mstari unapokaribia kuisha, si pale mpiga ngoma anapoihitaji.