Meza ya dakika za mwisho Disney World, Orlando

Dada uliyeuliza jinsi ya kupata meza ya mgahawa Disney World, usikate tamaa kwa sababu siku ya kuanza kuhifadhi meza, siku 60 kabla, imeshapita na mko watano. Nafasi hurudi kila siku. Migahawa mingi pale hukata dola 10 kwa kila mtu asiyefuta nafasi yake angalau saa mbili kabla, kwa hiyo watu hufuta mapema kukwepa hiyo faini. Kama mnataka kula saa moja jioni, kaa na My Disney Experience, programu ya simu ya Disney, kuanzia saa kumi hivi, uwe unaifungua tena na tena. Sisi tulipata meza ya Polynesian, hoteli mojawapo ya Disney, hivyo hivyo, nimesimama kwenye foleni ya aiskrimu, mtoto mgongoni, simu ikiwa na chaji asilimia tisa. (Beba pawabenki, tafadhali!)

Watano ni wengi, ndiyo maana unaambiwa hakuna. Jaribu meza ya wawili na ya watatu kwa wakati ule ule, mkifika mwombe kwa upole mkae karibu.

Kuna pia orodha ya kusubiri humo humo kwenye programu, ila lazima muwe karibu na mgahawa wenyewe.

Ikishindikana, tokeni Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney, mwende hoteli ya Contemporary, ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu. Migahawa ya hotelini haidai tiketi ya bustani, na mchana mara nyingi nafasi hupatikana kwa urahisi zaidi.