Je, dayatomu za duara ni ukoo mmoja?

SWALI: Shikamoo Mama. Nafundisha bayolojia Gilgil. Tulichota udongo mweupe wa Kariandusi, tukaukoroga majini na kuutazama kwa hadubini. Magamba ya dayatomu, vile viumbe vya seli moja vya majini, yalijaa, mengine ya duara, mengine marefu. Wanafunzi wameyagawa koo mbili. Wamepatia?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hata wataalamu walianza kwa kugawa hivyohivyo. Lakini umbo la nje lina hila.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikuta gamba la duara katika tope la Ziwa Tanganyika, nikaliandika pamoja na za duara. Nikageuza kirekebishi cha hadubini taratibu: kingo mbili zikaonekana wazi, mbili zikafifia. Kumbe limepinda kama tandiko la punda! Na ukingoni, kulizunguka lote, ulipita ufa mwembamba. Ilikuwa Campylodiscus. Kwa ufa ule dayatomu hutambaa, nao hupatikana kwa jamaa za ndefu tu. Duara langu lilikuwa la ukoo wa ndefu.

Kinyume chake ni Toxarium ya baharini. Ni nyembamba kama sindano, lakini DNA imeiweka kati ya jamaa za duara. Gamba lenyewe linakubaliana na DNA. Dayatomu ndefu halisi hujenga gamba lake kuanzia uti wa katikati, mbavu zikielekea pembeni. Za duara huanzia kwenye kipete, mistari ikitawanyika kama njiti za mwavuli. Toxarium haina uti huo.

Kwa hiyo waambie wanafunzi waulize mistari imeanzia wapi, kisha watafute ufa. Za duara ndizo za kale, visukuku vyake vina zaidi ya miaka milioni 100. Ndefu zilichipuka kutoka miongoni mwao, na zenye ufa zikachipuka kutoka kwa ndefu. Ukiziita za duara ukoo mmoja, umehesabu watoto wa bibi ukamwacha mmoja aliyehamia mbali pamoja na wajukuu wake wote.

Tahadhari moja zaidi, maana hapa wengi hukosea: gamba ni la silika, madini kama kioo, halitanuki. Dayatomu ikigawanyika, gamba jipya huumbwa ndani ya la zamani, kama kisahani ndani ya kifuniko chake, kwa hiyo vizazi vinazidi kuwa vidogo. Ndefu hufupika hadi ikakaribia yai. Mkiona ndefu na fupi zenye mistari iliyosongamana sawasawa, msizipe majina mawili kabla ya kutafuta za urefu wa kati.