SUM inaleta sifuri na namba ninaziona: nimekosea wapi?

Swali

Shikamoo kaka. Niko mwaka wa kwanza wa stashahada ya usimamizi wa biashara, chuo kimoja hapa Mwanza. Kwenye somo la kompyuta kwa biashara na uchambuzi wa data, mhadhiri katupa faili la CSV (maandishi matupu, safu zimetenganishwa kwa mkato) la mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi, Januari hadi Juni 2025, mistari 1,200. Tunatakiwa tutoe mauzo ya kila mwezi na ya kila mteja. Nimelifungua kwenye Excel nikakwama mahali patatu. SUM ya safu ya kiasi inaleta 0, na namba ninaziona. VLOOKUP, fomula ya kutafuta kwenye orodha, inaleta #N/A (haijapata) kwa wateja ambao wapo kwenye orodha, nawaona kwa macho yangu. Halafu nikitumia MONTH kutoa mwezi kwenye tarehe napata mauzo ya Oktoba na Desemba, miezi ambayo haimo kwenye faili, na mistari mingine mingi inaleta #VALUE!. Rafiki yangu anayesoma IT anasema Excel ni ya makarani, nihamie Python, lugha ya kuandika programu. Kosa ni langu au la kompyuta?

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Huyo mhadhiri wako anaijua kazi. Faili chafu, kama lilivyotoka kwenye mfumo wa dukani, ndilo utakaloletewa siku ya kwanza ofisini. Yale ya vitabuni, yaliyofuliwa yakapigwa pasi, ukimaliza chuo huyaoni tena.

Umehesabu matatizo matatu, ila mzizi wake ni mmoja. Seli ya Excel ina kitu kilichomo ndani, na ina sura inayoonekana juu. Wewe unasoma sura, fomula inasoma kilichomo. Viwili hivyo vikitofautiana ndipo ugomvi unapoanza.

Tuanze na hiyo sifuri. Angalia safu ya kiasi imeegemea upande gani. Namba halisi Excel huiweka kulia na maandishi huyaweka kushoto, alimradi hakuna mtu aliyezipanga katikati kwa ajili ya urembo. (Ndiyo maana mimi nikipokea faili la mtu, kwanza naondoa urembo wote.) Zako naamini ziko kushoto. Wauzaji wetu huandika "15,000/=" kama tulivyozoea kwenye risiti za mkono, au mfumo unabakiza nafasi tupu mwishoni. Kwako hiyo ni elfu kumi na tano. Kwa Excel ni neno tu, kama vile "saruji". SUM huyaruka maneno bila kusema chochote, na maneno 1,200 ukiyajumlisha jibu lake ni sifuri.

Wala usiichukie hiyo sifuri, maana imekupigia kelele. Mimi naogopa safu yenye seli 1,160 za namba na 40 za maandishi. Hapo jumla inatoka, inapendeza, na ni pungufu. Nilipoanza kazi kwa msambazaji mmoja wa vinywaji nilipeleka ripoti ya namna hiyo kwa bosi, akaniuliza imekuwaje mteja wake mkubwa kuliko wote ameshuka nusu ndani ya mwezi mmoja. Mteja hakuwa ameshuka. Karani aliyekuwa akimhudumia ndiye aliyependa kuandika "/=".

Tangu hapo sijumlishi kitu kabla ya kulinganisha fomula mbili: COUNT, inayohesabu seli zenye namba peke yake, na COUNTA, inayohesabu seli yoyote isiyo tupu. Moja ikisema 1,160 na nyingine 1,200, kuna 40 zimejificha. Weka ISNUMBER, inayopima kama seli ni namba, kwenye safu ya pembeni, chuja zilizoleta FALSE, utazikuta zote. Kuzisafisha, andika hivi kwenye safu mpya:

=VALUE(TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2,"/=",""),CHAR(160)," ")))

C2 ni seli ya kwanza ya kiasi. Isome kuanzia ndani kwenda nje. SUBSTITUTE ya ndani inafuta "/=". Ya pili inageuza CHAR(160) kuwa nafasi ya kawaida, TRIM inakata nafasi za mwanzo na mwisho, VALUE inageuza kilichobaki kuwa namba. Hiyo CHAR(160) ni nafasi tupu ya aina nyingine, hutoka sana kwenye kurasa za wavuti na kwenye baadhi ya mifumo. Kwa macho huitofautishi na ile ya kawaida, lakini TRIM ikiwa peke yake haiigusi. Imenipotezea mchana zaidi ya mmoja.

VLOOKUP yako inaumwa hilohilo. Chukua mteja aliyeandikwa "Mama Neema" umpime kwa LEN, inayohesabu herufi pamoja na nafasi. Herufi tisa na nafasi moja, inatakiwa ije 10. Ikija 11, kuna nafasi iliyojibanza mwishoni, na kwa Excel hao ni watu wawili. Pitisha usafi pande zote, kwenye mauzo na kwenye orodha ya wateja. Wengi husafisha upande mmoja halafu wanashangaa. Kisha hakikisha kipengele cha nne cha VLOOKUP ni FALSE. Ukikiacha wazi, inatafuta kinachokaribiana huku ikidhani orodha imepangwa kwa mfuatano. Kama haijapangwa, inaweza kukupa deni la mtu mwingine kabisa, na hakuna alama yoyote ya kukushtua. Afadhali #N/A, yenyewe inakiri. Ukiwa na Excel 2021 au Microsoft 365 tumia XLOOKUP, maana hiyo hutafuta kilekile bila kukumbushwa.

Hata ukishasafisha, jina linabaki kuwa ufunguo mbovu. "Mohamed", "Mohammed" na "Muhammad" anaweza kuwa mtu mmoja, na Mama Neema wakawa wawili, mmoja wa Buzuruga na mwingine wa Igoma. Faili likiwa na namba ya mteja, tafuta kwa hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo hukuuliza. Namba ya mteja, namba ya simu, TIN (namba ya mlipakodi) na NIDA (namba ya kitambulisho cha taifa) ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Hakuna siku utakayojumlisha simu mbili au kutafuta wastani wa TIN. Basi ziingize kama maandishi tangu mwanzo. Simu ukiiacha iwe namba inapoteza sifuri ya mbele, na hiyo unaweza kuirudisha. NIDA hairudi. Ina tarakimu 20, wakati Excel hutunza tarakimu 15 za mwanzo. Ukiiandika bila vistari, tano za mwisho zinageuka sifuri, na zikishageuka hakuna fomula ya kuzifufua. Nilishaona orodha ya wakopaji imeharibika hivyo yote, na nakala ya awali imefutwa.

Kuna mtego wa ndani zaidi ambao hata wazoefu huwakamata. Tarakimu 20 tupu, hata ukiziweka kama maandishi, COUNTIF huzigeuza namba kimyakimya wakati wa kulinganisha. Watu wawili waliofanana tarakimu 15 za mwanzo itasema ni mmoja aliyejirudia. NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo mapacha wanaweza kuunganishwa kabla ya wengine. Vistari vilivyopo kwenye kitambulisho vinazuia hayo yote, viache mahali pake.

Tuje kwenye Oktoba na Desemba. Hili ndilo ningeanza nalo kama ungekuwa umekaa hapa pembeni yangu.

Kompyuta yako imewekwa mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Duka liliandika 10/01/2025 likimaanisha tarehe 10 Januari, Excel ikasoma tarehe 1 Oktoba. 12/03 ikawa tarehe 3 Desemba. Ilipofika 25/03 ikakwama, mwezi wa 25 haupo, ikaiacha kama maandishi, na hizo ndizo #VALUE! zako. Tupige hesabu tuone ukubwa wa janga. Januari hadi Juni 2025 ni siku 181. Kila mwezi siku 12 za kwanza zimesomeka kama tarehe, jumla 72. Zilizosomeka sawasawa ni sita tu, zile ambazo siku na mwezi ni namba moja: 1/1, 2/2, mpaka 6/6. Siku 66 zimehamishiwa mwezi mwingine, na 109 si tarehe kabisa. Una bahati faili lako linaishia Juni. Lingekuwa la mwaka mzima, Oktoba na Desemba zingekuwa na haki ya kuwepo, na ungewasilisha kazi bila kushtuka.

Usihangaike kubadilisha sura ya tarehe, kwa sababu iliyoharibika ni namba iliyo ndani. Kwa Excel tarehe ni hesabu ya siku kuanzia 1 Januari 1900. Andika 1 Januari 2025, kisha ibadili seli iwe General, utaona 45658. (Humo imo na siku moja hewa: Excel inaamini palikuwa na tarehe 29 Februari 1900, kosa ililorithi kwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali ya zamani, ili mafaili ya zamani yasivurugike.) Ndiyo maana unaweza kutoa tarehe ya ankara kwenye tarehe ya leo ukapata deni la mteja lina siku ngapi. Na ndiyo maana siku iliyosomwa vibaya inaingia kwenye hesabu bila wasiwasi wowote.

Dawa ni kurudi kwenye faili la awali. Funga ulilofungua, usihifadhi. Tengeneza nakala, jina lake liishe na .txt badala ya .csv, kisha lifungue ukiwa ndani ya Excel. Itakuuliza maswali kwa hatua tatu. Ya pili chagua mkato kuwa kitenganishi. Ya tatu ndiyo yenye kazi: bofya safu ya tarehe uchague DMY, yaani siku, mwezi, mwaka, bofya safu ya simu na ya namba ya mteja uchague Text. Hapo wewe ndiye unayeiambia Excel kilichomo ni nini, badala ya yenyewe kukisia.

Shiti hiyo iite "Ghafi" na usiiguse tena. Usafi ufanye kwenye shiti ya pili, na mistari ukiihesabu ibaki 1,200. Kutoka hapo jedwali la pivoti (PivotTable), linalojumlisha kwa makundi, linakupa miezi na wateja kwa dakika chache. Likigoma kukusanya tarehe kwa miezi, mara nyingi kuna tarehe moja iliyobaki kuwa maandishi, kaitafute. Mwisho linganisha jumla ya miezi yote, jumla ya wateja wote na SUM ya safu nzima. Lazima zifanane hadi shilingi ya mwisho. Dukani kwenyewe ungelinganisha na ripoti za Z (jumla za mauzo ya siku) za mashine ya risiti ya EFD.

Umeuliza kosa ni la nani. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala iliyokwishachapishwa. Akachagua makala ya mwaka 2010 ya wachumi maarufu Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, ambayo wanasiasa wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiinukuu kutetea kubana matumizi. Hesabu zikagoma kufanana, mpaka wenyewe walipompa lahajedwali lao. Fomula ya wastani ilikuwa inaishia mstari wa 44 badala ya 49. Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark zote zimebaki nje. Halikuwa kosa pekee wala kubwa kuliko yote kwenye ile makala, lakini ndilo watu wanalolikumbuka, kwa sababu lingeonekana kwa kubofya seli moja. Kwa hiyo bofya. Au geuza data zako kuwa jedwali kwa Ctrl+T kisha uandike fomula kwa majina ya safu, ili mistari ikiongezeka nazo ziongezeke.

Kuhusu Python, jifunze, itakufaa. Kazi inayojirudia kila mwezi ni raha kuiandika mara moja ikabaki, na shiti ya Excel mwisho wake ni mistari 1,048,576. Mafaili ya zamani ya .xls mwisho wake ni 65,536. Uingereza walikumbana na ukomo huo mwaka 2020, wagonjwa 15,841 wa korona wakachelewa kuingia kwenye takwimu za taifa kwa sababu matokeo ya maabara yalikuwa yanapitishwa kwenye mafaili ya aina hiyo. Mistari yako 1,200 haijafika huko.

Na Python haitakutibu ugonjwa ulioniletea. Maktaba ya pandas, ya kushughulikia data ndani ya Python, nayo ukiiagiza isome tarehe bila kuiambia siku inatangulia, 10/01/2025 huisoma tarehe 1 Oktoba. Mpe rafiki yako faili hilihili, alisome kwa pandas bila kuiagiza chochote, kisha akuonyeshe namba moja tu ya simu ambayo bado ina sifuri mbele.